Kumwonea Wivu Marehemu

Mkunga aliolewa akiwa amevuka miaka hamsini, na kabla ya hapo alikuwa akiwaambia wauguzi wenzake kwamba wivu ni ugonjwa wa watu wasio na kazi. Aliwahi kuwakuta wanawake wawili wakivutana vilemba kwenye ujia wa wodi ya wazazi kwa ajili ya mwanamume mmoja, na mwanamume mwenyewe kajifungia chooni. Yeye akapita katikati yao na sinia lake la vifaa. "Pisheni," akawaambia, "kuna mtu anazaa humu." Kisa hicho alikisimulia mara nyingi, na kila mara alicheka yeye kwanza.

Kisha akaja Fundi. Alikuwa mgane, fundi wa redio, mwenye kibanda kilichojaa redio zilizofumuliwa matumbo. Aliitwa kutengeneza redio ya chumba cha wauguzi, redio iliyohitaji waya mmoja tu, lakini akawa anarudi kila mara eti kuisikiliza inavyoendelea. "Redio imeshapona," wauguzi wakamtania, "sasa mgonjwa ni nani?" Fundi akainama akijifanya anatafuta bisibisi. Siku alipopiga moyo konde na kusema alichotaka kusema, Mkunga alikuwa na glavu mikononi na hakujua aziweke wapi.

Walioana bila makeke. Mkunga akahamia kwa Fundi, akamkuta marehemu ukutani sebuleni: mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Picha haikumsumbua. Aliifuta vumbi yeye mwenyewe, na alipoifuta aliisalimia, kwa sababu nyumba ilikuwa ya huyo mama kabla haijawa yake.

Kilichomsumbua ni lile jengo la dansi.

Lilikuwa jengo la zamani katikati ya mji, chini thieta, juu ukumbi wa dansi. Lilikuwa limefungwa miaka mingi, paa likivuja, njiwa wakizaana ndani. Sasa lilikuwa limekarabatiwa, na Jumamosi watu waliruhusiwa kuingia kulitazama. Tangu habari hiyo itangazwe redioni, Fundi hakuwa na mazungumzo mengine. Ujanani alikuwa fundi wa vipaza sauti wa bendi iliyopiga huko juu, na marehemu alikuwa mchezaji ambaye, kwa maneno ya Fundi, watu waliacha kucheza ili wamtazame. Akimtaja marehemu kwa jambo jingine lolote, sauti yake ilikuwa ya kawaida. Akimtaja kwa habari ya dansi, sauti ilishuka, ikawa laini, na mkono wake ukaanza kupiga mapigo juu ya meza. Mkunga aliutazama ule mkono na kuhisi mate yamekuwa machungu.

Mwanzoni hakujua kinachomsumbua ni nini. Alidhani ni presha. Akajipima, presha ilikuwa nzuri.

Binti wa Fundi, aliyekuwa anaishi mji mwingine, ndiye aliyepiga simu. "Mama Mdogo," alisema, "nakuomba umpeleke baba akalione lile jengo. Ameniimbia habari zake mpaka nimechoka. Labda akiliona atatulia."

"Nitampeleka, mwanangu," Mkunga akajibu. Angesema nini?

Jumamosi hiyo alivaa gauni lake la kijani na viatu vipya vilivyombana. Alipotoka chumbani alimkuta Fundi amesimama mbele ya kioo na suti ya rangi ya majivu, ananukia nafthalini. Aliitambua suti ile. Ilikuwa ikining'inia nyuma kabisa kabatini, na kabla ya harusi yao alimwomba aivae, Fundi akasema haimwingii tena. Leo ilikuwa imemkaa kama ameshonewa jana.

"Kumbe inakuingia," Mkunga akasema.

"Inaniingia," Fundi akajibu, akifunga kifungo, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu mwenye siri. "Unaionaje?"

"Ni suti," Mkunga akasema, akaenda kutafuta mkoba wake.

Njiani alikuwa akiwaza, kwa harusi yangu haikuingia. Kwa kwenda kwa mwenzangu imeingia.

Jengo lilikuwa zuri, na hilo lilimuudhi zaidi. Alikuwa anatumaini kukuta gofu lililopakwa chokaa. Akakuta mlango mpana wenye vishikio vya shaba vinavyong'aa, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, kidirisha cha tiketi chenye nondo zilizopindwa kama maua, na ngazi pana iliyopanda kisha ikagawanyika, mkono mmoja kushoto na mwingine kulia. Msichana mwenye kofia na sauti kali aliwakusanya wageni, akawaambia wamfuate.

"Tutaanza na thieta," akasema.

Kwa Mkunga neno hilo lilikuwa na maana moja tu maishani, chumba cha upasuaji, na alijikuta macho yake yanatafuta sinki la kunawia mikono. Badala yake aliona viti vyekundu safu kwa safu, roshani zilizopachikwa ukutani, na pazia zito lililofunguliwa nusu. Aliduwaa. Kwa kitambo kidogo alisahau kununa. Akamgeukia Fundi amwambie, tazama dari lile, lakini Fundi alikuwa ameshaanza kumwambia mama mmoja aliyekuwa karibu, mama mnene mwenye miwani, kwamba hapa chini hakukuwa na jambo, mambo yenyewe yalikuwa juu.

Wakapanda juu. Msichana alisukuma milango miwili kwa pamoja, na ukumbi wa dansi ukajitandaza mbele yao: sakafu ya mbao iliyong'arishwa mpaka ikaakisi madirisha, vioo ukuta mzima, taa kubwa ya vipande vya kioo katikati, na jukwaa dogo la bendi lenye umbo la nusu duara. Msichana akafungua mdomo kueleza. Fundi akamtangulia.

"Bendi ilikaa pale," alisema. "Kipaza sauti kilikuwa hapa. Na ukipiga mguu hivi, sikilizeni," akapiga mguu, "sakafu inakurudishia. Ukicheza haikuchoshi. Marehemu alikuwa anasema sakafu hii inampenda."

"Enhe!" mama mwenye miwani akasema. "Tuambie, baba."

Basi Fundi akawa ndiye mtembezaji. Pale ndipo marehemu alipopotezea hereni, na wachezaji wote wa usiku ule wakapiga magoti kuitafuta. Kwenye kioo kile alikuwa akijitazama anapozunguka. Kwenye nguzo ile alikuwa akipumzika, anajipepea kwa leso, anacheka. Wageni walimfuata kutoka kona moja kwenda nyingine, na yule msichana akawafuata wageni. Mkunga alibaki nyuma. Kila kona ilikuwa imeshakaliwa. Alijiona kama mgeni aliyefika kwenye nyumba ambayo kila kiti kina mwenyewe. Alitazama kioo kile, akaona mwanamke mfupi wa gauni la kijani anayesimama kwa kuegemea mguu mmoja kwa sababu ya kiatu, akayaondoa macho haraka.

Aliwaza mambo asiyoweza kumwambia mtu. Kama mwenzake angekuwa hai, angejua la kufanya. Angemkazia macho, angemjibu kijembe kwa kijembe. Lakini huyu hakuwa na umri wala mwili. Hakuzeeka, hakukoroma, hakusahau chumvi kwenye mboga. Na kwenda kumwambia mtu kwamba roho inakuuma kwa ajili ya mtu aliye kaburini, utaonekana mchawi.

Fundi sasa alikuwa amesimama katikati ya sakafu, chini ya taa kubwa, anaonyesha walivyoshikana. Mama mwenye miwani akageuka, akamwona Mkunga, uso wote ukamchanua. Hakuwa ameelewa neno marehemu linamhusu nani, au labda hakulisikia.

"Kumbe mchezaji mwenyewe huyu hapa, amejificha nyuma!" akasema kwa sauti. "Dada, usituonee haya. Hebu tuonyesheni mlivyokuwa mkicheza!"

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akaanza kupiga mluzi wa wimbo wa dansi. Mkunga alimtazama Fundi, akimngojea aseme. Neno moja lingetosha. Fundi alinyoosha mkono kumwelekea, kiganja juu, na macho yalikuwa yameshalowa.

"Njoo," akasema kwa ile sauti laini.

Na Mkunga hakujua sauti hiyo inamwita nani.

"Aliyecheza ni marehemu," akasema, na ukumbi ulikuwa na mwangwi zaidi kuliko alivyotarajia. "Mimi ni yule aliyekuja baadaye."

Makofi yakakatika. Mluzi ukafa. Mkunga akageuka, akatembea mpaka mlangoni akijitahidi asichechemee, na alipofika kwenye ngazi akavua viatu na kushuka pekupeku.

Chini aliona mlango wenye picha ya mwanamke aliyevaa kofia, akaingia. Kilikuwa chumba cha wanawake cha zamani, chenye vioo vidogo vidogo na kiti kirefu cha ngozi. Kwenye kiti hicho alikuwa amekaa bibi mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na fuvu, kapaka rangi ya mdomo nyekundu, naye pia kavua viatu.

"Vinabana?" bibi akauliza.

"Vinabana."

"Kaa. Tuko wengi." Akamsogezea nafasi. Alimtazama kidogo, kisha akasema, "Lakini kiatu hakimlizi mtu hivyo. Nani amekuudhi?"

Mkunga alikuwa amewasikiliza wanawake wengi wakimwaga ya moyoni katika saa ya uchungu, na alijua namna maneno yanavyomponyoka mtu mbele ya mgeni asiyemjua. Yakamponyoka. "Mume wangu na mkewe."

"Ana mke mwingine?"

"Alikuwa naye. Alifariki."

Bibi yule alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, akafuta macho kwa kidole ili asiharibu wanja. "Nisamehe, mwanangu. Sikucheki wewe. Mumeo ndiye yule anayepiga kelele huko juu kuhusu sakafu? Nimesikia sauti nikasema, hii naijua. Fundi Waya!"

"Mnamwita Fundi Waya?"

"Mfukoni alikuwa na waya, mdomoni waya. Mimi nilikuwa naimba kwenye bendi ile. Waliniita Chiriku." Alinyoosha mgongo kidogo alipolitaja jina hilo. "Na mkewe namkumbuka vizuri sana. Alinimwagia sharubati."

Mkunga aligeuka mwili mzima. "Alikumwagia nini?"

"Sharubati. Ya nanasi. Jagi zima, katikati ya wimbo." Chiriku alionyesha kwa mikono jinsi jagi lilivyoinuliwa. "Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, mumeo akaja kukitengeneza, akapiga magoti mbele yangu kutafuta waya ulipokatika. Basi mwenzio, kutoka kule alikokaa, aliona mumewe kanipigia magoti. Akainuka, akachukua jagi la meza ya watu, akapanda jukwaani. Niliumaliza wimbo nikinata kama karatasi ya nzi."

"Marehemu? Yule wa picha?"

"Sijui ya picha. Alikuwa anacheza vizuri, sikatai, nani angekataa? Lakini wimbo ukiisha, macho yake hayakuwa kwa watu waliokuwa wakimshangilia. Yalikuwa kwa Fundi Waya: anazungumza na nani, anamchekea nani. Yule mama alikuwa na kijiba cha roho, mwanangu, kiasi kwamba wapiga gitaa wetu walipomwona anaingia walikuwa wanasema, chungeni majagi."

Mkunga alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, cha tumboni, mpaka akashika ukingo wa kiti. Kwa mara ya kwanza aliweza kumwona yule mwanamke wa shingo ndefu akiwa na mikono, akiwa na jagi. Kisha kicheko kikaisha na chini yake kikabaki kitu kingine. Mwanamke ambaye ukumbi mzima ulisimama kumtazama, naye alikuwa akikaa pale moyo unaungua. Hata sakafu kumpenda hakukumtosha. Mkunga akamwonea huruma, na huruma ile nayo ikawa na mwiba ndani yake: kijana wa kumfanya mtu anyakue jagi, yeye hakuwahi kukutana naye. Yeye alikutana na mzee mwenye bisibisi.

Halafu wazo jipya likamjia, akamtazama Chiriku kwa jicho la pembeni. "Na je, kulikuwa na jambo? Kati yako na yeye?"

Chiriku akafungua mdomo, akamwonyesha pengo. "Sasa unanionea wivu mimi, na meno haya?"

"Nauliza tu."

"Mumeo alikuwa anapenda waya. Ningezimia mbele yake, angeuliza kama nimeangukia spika."

Hapo mlango ukagongwa taratibu. "Mkunga," sauti ya Fundi ikaita kutoka nje. "Umo humo?"

"Ingia, Fundi Waya!" Chiriku akapaza sauti. "Hakuna aliye uchi!"

Mlango ukafunguka kidogo. Fundi alichungulia, akamwona mkewe, akamwona aliyekaa naye, na rangi ikamtoka usoni. Chiriku aliokota viatu vyake akainuka. Alipompita alimpigapiga begani, akasema, "Sikuwahi kukudai lile gauni," akatoka zake akiimba wimbo kwa sauti ya chini.

Fundi aliingia akasimama kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Mbona hukuniambia habari za jagi?" Mkunga akauliza.

Fundi alikaa. "Hilo si la pekee," akasema. "Kwenye jengo hili tuligombana zaidi kuliko tulivyocheza. Tukifika nyumbani tunagombana tena. Alinifungia nje, nikalala kibandani kwangu juu ya redio. Baada ya yeye kufariki, mke wangu, nilikuta magomvi ndiyo ninayoyakumbuka. Yote, neno kwa neno. Dansi zilikuwa zimefifia. Nikaogopa. Nikasema, mtu niliyeishi naye maisha yale yote, nitabaki na kelele zake tu? Basi nikaanza kusimulia dansi. Nazisimulia ili zisipotee. Sikufikiri zinakupata wewe wapi."

"Zinanipata hapa," Mkunga akasema, akajigusa chini ya koo.

"Naona."

"Na suti? Kwangu haikuingia."

Fundi aliitazama suti kama aliyeisahau mwilini. "Nimeipeleka kwa mshonaji wiki iliyopita, akaongeza kitambaa mgongoni. Tazama." Akageuka na kuinua koti, na kweli kulikuwa na kipande cha rangi isiyofanana sana. "Nilitaka unione kama nilivyokuwa. Hukunikuta nikiwa kijana. Nilidhani nikivaa hii, nikasimama pale chini ya taa, utaona kidogo. Halafu nikafika, mdomo ukanipeleka kwingine."

Mkunga alikigusa kile kipande kwa kidole. Kilikuwa kimeshonwa ovyo. Hasira haikuisha, lakini ilipoteza mahali pa kukaa. "Kule juu mimi sichezi," akasema. "Si leo, si siku nyingine. Usiniombe."

"Sikuombi."

"Lakini sitoki humu nikiwa mgeni. Ni wapi ambapo ninyi wawili hamkuwahi kufika?"

Fundi akafikiri, akapitia jengo zima kichwani. Kisha akaonekana kujuta kwamba amepata jibu. "Roshani ya juu kabisa ya thieta," akasema polepole. "Kule karibu na dari. Marehemu alikuwa hapendi michezo ya kuigiza, alisema watu wamesimama tu wanabishana. Na mimi urefu unanitia kizunguzungu."

"Jipe moyo. Twende."

Ngazi ya kule haikuwa na vigae wala shaba. Ilikuwa nyembamba, ya chuma, inajipinda, na kupitia matundu yake mtu aliona alikotoka. Walipofika nusu yake Fundi alikumbatia mhimili wa kati akagoma. Jasho lilikuwa limeloanisha kola.

"Nitaanguka," akasema.

"Huanguki. Tazama juu, usitazame chini." Mkunga alikuwa amesimama hatua mbili chini yake, viatu kwapani, mkono mgongoni mwake, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya wodini, isiyobishiwa na mtu. "Vuta pumzi kwa pua. Toa kwa mdomo. Vizuri. Tena. Sasa mguu mmoja. Unaendelea vizuri sana, baba."

"Unaniambia kama nazaa."

"Nyamaza, pumua. Kichwa kimeshaonekana."

Fundi akaanza kucheka huku anatetemeka, na katika kucheka akapanda hatua moja, kisha nyingine. Walitokea juu, chini ya dari lenyewe, penye viti vya mbao visivyo na mito. Kutoka pale jukwaa lilikuwa dogo kama trei. Fundi alikaa mara moja, akashika mkono wa gauni la mkewe kwa nguvu zote. Maua ya chokaa darini yalikuwa karibu kiasi kwamba Mkunga aliona alama za vidole vya walioyafinyanga.

"Nilitaka kukuonyesha dari hili tangu tulipoingia," akasema. "Ulikuwa unaongea na yule mama."

"Nionyeshe sasa."

Akamwonyesha. Fundi aliinua macho, kwa sababu kutazama juu kulikuwa rahisi kuliko kutazama chini, na akatazama kwa muda mrefu. Kulikuwa na ua moja lililopotoka, akaliona yeye kwanza, wakabishana kama ni ua au ni ndege. Hawakukubaliana. Kushuka kulikuwa kazi nyingine. Alishuka kinyumenyume, hatua kwa hatua, na yule msichana mwenye kofia akiwa chini anaomba Mungu kwa sauti.

Wivu haukuisha siku hiyo. Kuna siku Mkunga anafuta picha ya ukutani bila kuisalimia. Lakini Fundi anapoanza habari za dansi, mkono ukapiga meza, yeye humuuliza, "Na mlipotoka hapo, mligombania nini?" Naye humwambia, mara nyingine wakicheka, mara nyingine Fundi akanyamaza katikati, na Mkunga akamwacha anyamaze. Thieta ilipoanza kuonyesha michezo, walikata tiketi za kule juu, kwenye viti vigumu, na hawakutaka kuhamishwa.

Chiriku naye alikuja kuwatembelea nyumbani, mdomo umepakwa rangi, kaleta maua. Mkunga alimpokea kwa moyo mweupe, akamwandalia chai, akamchekea, akampa kiti kizuri kuliko vyote sebuleni, ila alikiweka mbali kidogo na cha Fundi.